VITABU VIPO, MBONA HAVITUFIKII?

Wanachama wetu wa magari ya wagonjwa, wa zimamoto, wa wodi na wa vyumba vya maiti hutuletea malalamiko ya namna moja. Msiba ukitokea, mkubwa wao huwatuma upesi, akawapa glavu na machela, kisha huwaambia, "Na hao jamaa muwatulize." Watawatulizaje? Hakuna aliyewaonyesha, wala karatasi hawakupewa.

Si kweli kwamba maarifa hayo hayapo. Mwaka 2007 mashirika ya misaada ya ulimwengu yalitoa mwongozo mmoja juu ya afya ya akili wakati wa maafa. Mwaka 2011 Shirika la Afya Ulimwenguni, pamoja na War Trauma Foundation na World Vision, likatoa kitabu kidogo cha huduma ya kwanza ya nafsi, nacho hakikuandikiwa madaktari peke yao, bali yeyote anayefika penye msiba. Mwaka 2015 Shirika hilo na lile la wakimbizi la Umoja wa Mataifa yakatoa kingine, cha madaktari wa kawaida na wauguzi walio mahali pasipo na bingwa wa maradhi ya akili. Vyote hutolewa bure. Lakini wangapi kati yetu wamepata kuviona? Huletwa mikutanoni katika hoteli, na kama havikuachwa juu ya meza ya chai, basi vimo kabatini mwa bwana mkubwa, na ufunguo anao yeye.

Kitabu cha 2011 kina maneno matatu ya kushika: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kwanza kama mahali pana salama, na nani ana haja ya haraka. Sikiliza, maana yake keti naye, umwulize anataka nini, wala usimlazimishe kusema. Unganisha, yaani mfikishe kwa jamaa zake, kwa maji, kwa blanketi, na kwa habari za kweli. Mama anayemtafuta mwanawe hahitaji hotuba; ahitaji orodha ya majina na mtu wa kumsomea.

Ziko karatasi za zamani zisemazo kwamba waliookoka wakusanywe mara moja, kila mtu aeleze yote aliyoyaona tangu mwanzo hata mwisho. Shauri hilo lilichunguzwa, ikaonekana halizuii maradhi, na wengine laweza kuwazidishia. Shirika la Afya halilikubali tena. Kitabu cha 2015 nacho chaonya kwamba aliyepatwa na mshtuko asipewe diazepamu na dawa za jamii yake kwa ajili ya mshtuko ule katika mwezi wa kwanza. Mfanya kazi asiyeyajua haya aweza kudhuru kwa nia njema kabisa, na sisi twasema lawama ni ya aliyemnyima kitabu.

Wala nchi hii haiwezi kusema jambo hili ni geni. Bomu la Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998 liliua watu zaidi ya 200 na kujeruhi maelfu. Daktari Frank Njenga na wenzake waliwauliza Wakenya 2,883 katika miezi mitatu ya kwanza, na katika kila 100 walionekana 35 wenye dalili zinazokaribia maradhi ya mshtuko. Asiyekuwa na rafiki wa kumfungulia moyo alikuwa katika hatari zaidi, na hali kadhalika aliyeingia katika shida ya fedha. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 2004 katika jarida la madaktari la Uingereza, kwa Kiingereza. Wale 2,883 wangeisomea wapi?

Tena waliobeba majeruhi nao ni watu. Mwaka 2010 Shirika la Kazi Ulimwenguni liliyaweka maradhi ya mshtuko katika orodha yake ya maradhi ya kazi. Kwa hivyo mwenzetu anayeota moto kila usiku hakurogwa, wala si mwoga. Yafaa waajiri waisome orodha hiyo kabla ya kumwandikia barua ya utoro.

Tunayoyataka si makubwa. Kitabu cha 2011 kiwe ndani ya kila gari la wagonjwa na kila kituo cha zimamoto, kwa Kiswahili ambacho dereva atakisoma bila mkalimani. Mafunzo yafanywe saa za kazi, si Jumapili yetu. Na nyuma ya kitabu yaandikwe majina na simu za mahali pale: muuguzi wa maradhi ya akili, chifu, hospitali, na nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu ambayo hupigwa bure. Maana kumwambia mtu "unganisha" bila kumpa nambari ni kumcheka.

Makatibu wa matawi na waulize wiki hii hii: kitabu kipo, na ufunguo anao nani? Majibu yaletwe kwa maandishi, na sharti yatiwe sahihi, ndipo kamati itakapokwenda nayo mbele ya waajiri.