Mdundo Ukirudi, Msuli Bado Umezubaa

Kurejea kwa mdundo wa kawaida si kurejea kwa nguvu, kwani vyumba vya juu vya moyo vilivyokuwa vikitetemeka huweza kubaki vimezubaa kwa siku kadhaa, hata wiki, na damu ikituama humo huweza kuganda. Ndiyo maana warfarini, dawa ya kuzuia mgando, huendelea kwa angalau wiki 4. Kwa upande wa dawa za kulinda mdundo, flekainidi, inayotuliza umeme wa moyo kwa kuziba njia za sodiamu, hulegeza msuli wenyewe zaidi kuliko amiodaroni, dawa nyingine ya mdundo, ambayo hata hivyo imejaa madini joto, jambo lisilo dogo kwa mgonjwa wa Uwemba, katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania zilizosumbuliwa na rovu kwa miaka mingi, kwa kuwa thairoidi, yaani tezi ya shingoni, ikivurugwa na madini hayo, mdundo huweza kuharibika upya na msuli ukadhoofika nao.