Dawa Imejaribiwa, Wagonjwa Wetu Hawakuwamo

Dawa iitwayo pembrolizumab haiui saratani yenyewe. Saratani ina hila ya kuwakanyagia breki askari wa mwili, wakabaki wanatazama tu. Dawa hii huiachia breki hiyo. Jaribio la KEYNOTE-826, lililotangazwa mwaka 2021, liliwachukua wanawake 617 wenye saratani ya mlango wa kizazi iliyorudi, iliyogoma kupona au iliyosambaa. Matokeo ya mwisho yalionyesha kuwa nusu ya waliochanganyiwa dawa hiyo na tibakemia waliishi zaidi ya miezi 26. Kwa wenzao waliopewa tibakemia bila dawa hiyo ilikuwa karibu miezi 17. Kwa mama mwenye mtoto wa darasa la saba, miezi tisa na ushee si haba.

Ila katika nchi 19 zilizoshiriki, ya Afrika haikuwamo hata moja, na mwenye VVU hakuruhusiwa. Tanzania peke yake hupata wagonjwa wapya takriban 10,000 kwa mwaka, na mwanamke mwenye VVU ana hatari ya kupata saratani hii mara sita zaidi ya mwenzake. Yaani aliyeelemewa zaidi ndiye aliyeachwa nje. Hofu ilikuwa kinga dhaifu. Lakini mwaka 2019 utafiti mdogo wa Marekani, wa watu 30 wenye VVU na saratani mbalimbali, ulionyesha kuwa wanaotumia ARV vizuri waliivumilia dawa hii kama wengine.

Kuna watakaouliza: tujaribu dawa ya mabwanyenye ya nini, wakati mama wa Kigoma anasafiri siku nzima kufuata mionzi? Swali halali. Bei ya orodha huko Marekani inapita dola 11,000 kwa dripu moja ya nusu saa, na dripu zinaweza kufika 35. Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, tunayowapa wasichana tangu 2018, ni rahisi mno kwa kulinganisha. Lakini chanjo ya binti haimtibu mama yake. Na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani limeiingiza pembrolizumab kwenye orodha ya dawa muhimu kwa saratani hii ikishasambaa. Hoja kwamba ni anasa imepungua nguvu.

Majaribio yaje, na wenye VVU wawemo. Ila tusigeuzwe shamba la kuvuna takwimu. Taasisi ya utafiti wa tiba NIMR na mamlaka ya dawa TMDA, ombi likifika mezani, anzeni na ukurasa unaoeleza mgonjwa atapewa nini jaribio likishafungwa. Usipokuwepo, lirudisheni.