Jiko la Nje na Kibali cha Ujenzi



Katika miji yetu jiko la nje si anasa. Nyumba nyingi ni za vyumba vya wapangaji vinavyotazamana, na mama anayepikia kuni au mkaa hana budi kutoka nje ili watoto wasivute moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Basi anayesimamisha nguzo nne na kuezeka bati juu ya mafiga yake anatetea uhai.

Hata hivyo, sheria ipo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamtaka anayeendeleza ardhi katika eneo la mpango apate kwanza idhini ya mamlaka ya mipango, nazo halmashauri hudai kibali cha ujenzi. Hatuibezi sheria hiyo. Tumeona vichochoro ambamo jiko la huyu limeegemea ukuta wa chumba cha yule, na gari la zimamoto halina pa kupita. Tena moshi tunaoukimbia sisi usiingie dirishani kwa jirani.

Linalotusikitisha ni uzito wa mzigo. Mwombaji huambiwa alete uthibitisho wa umiliki, michoro ya jengo na stakabadhi za malipo. Mwenye ghorofa ana mchoraji wake. Mjane aliyeachiwa kiwanja kisichopimwa, karatasi yake pekee ikiwa ile ya mauziano iliyoshuhudiwa na mjumbe, atavipata wapi? Anajenga kimya kimya, na asubuhi moja anakuta ukutani alama ya X kwa rangi nyekundu. Hapo ndipo hutokea mtu wa "kumsaidia", asiye na kitabu cha stakabadhi. (Tusijifanye hatumjui mtu huyo, pengine huketi nasi kanisani.)

Kwa maoni yetu, banda la kupikia lisilo na kuta nzito lingestahili fomu ya ukurasa mmoja, mchoro wa mkono na ukaguzi wa afisa afya akiwa na mtendaji wa mtaa, kwa ada iliyobandikwa ubaoni watu wote waione. Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ikilenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni vema, lakini hata jiko la gesi huhitaji mahali penye hewa.

Kwa sasa, anayekusudia kujenga aende kwanza halmashauri, aombe majibu kwa maandishi, wala asilipe chochote pasipo stakabadhi. Aliyewekewa alama asikae kimya: Katiba, ibara ya 13(6)(a), inampa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kinginecho, na haki ya kukata rufani. Kamati za haki na amani za parokia ziwe tayari kumwandikia barua na kumsindikiza, maana wengi hawajui hata waanzie dirisha lipi.