Asilimia Moja ya China

Katika mjadala wetu wa muhula uliopita hapa Mbarara, hoja ilikuwa hii: kampuni ndogo ya intaneti ikitangaza kwamba inaingia China, mwenye akiba anunue hisa zake mapema kabla bei haijapanda. Upande wa kuunga mkono ulishinda kwa kura, na ulishinda kwa hesabu moja tu. China ina watu zaidi ya bilioni 1.4. Ukipata asilimia moja yao, una wateja milioni 14. Kila mmoja akilipa dola moja kwa mwezi, kampuni ndogo imekwisha kuwa kubwa. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilikuwa upande wa kupinga, nikapewa dakika tano ambazo hazikutosha, kwa hiyo yaliyobaki nayasema hapa.

Kuzidisha kwao ni sahihi, lakini hesabu yenyewe ni ya uongo. Tena ni ya zamani. Carl Crow, Mmarekani aliyefanya kazi ya matangazo mjini Shanghai, aliandika mwaka 1937 kitabu ambacho jina lake lilitaja wateja milioni 400, na humo aliwacheka wenye viwanda wa nje waliokuwa wakiota ndoto hiyohiyo. Asilimia moja inadanganya kwa sababu inaonekana ndogo. Anayeitaja huonekana mnyenyekevu, kana kwamba anaomba makombo tu. Hakuna anayemuuliza mteja wa kwanza atapatikanaje.

Waliojaribu hawakuwa wadogo. eBay iliinunua EachNet ya China mwaka 2003. Mwaka uleule Alibaba ikaanzisha Taobao bila kuwatoza wauzaji ada, na kufikia mwisho wa 2006 eBay ilikuwa imefunga tovuti yake ya huko. Google ilifungua tovuti yake ya China mwaka 2006, ikakubali kuchujwa, kisha Machi 2010 ikahamishia utafutaji wake Hong Kong. Uber iliuza biashara yake ya China kwa Didi mwaka 2016. Ikiwa simba wametoka wakichechemea, sungura wetu anaingia na nini? Najua, katika hadithi zetu sungura hushinda. Lakini katika hadithi sungura haombi leseni.

Wenzangu walitaja Naspers ya Afrika Kusini, na hapo ndipo makofi yalipozidi. Ni kweli kwamba mwaka 2001 Naspers ililipa dola milioni 32 kwa asilimia 46.5 ya Tencent, na kwamba mwaka 2018 iliuza asilimia 2 tu kwa karibu dola bilioni 9.8. Lakini tazameni ilichonunua. Tencent ilikuwa kampuni ya Wachina, iliyoanzishwa Shenzhen mwaka 1998, na tayari vijana wa China walikuwa wakiongea humo kila siku. Naspers ilikaa nyuma ya mwenyeji aliyekwisha kuwa ndani. Mfano huo unaipinga hoja yao.

Tuje karibu na nyumbani. Mwaka 2021 muungano ulioongozwa na Safaricom ulilipa dola milioni 850 kwa leseni ya Ethiopia, nchi ya watu zaidi ya milioni 100 iliyokuwa na kampuni moja tu ya simu, Ethio Telecom ya serikali. Ukiniuliza China ya Afrika Mashariki iko wapi, nitakuonyesha hapo: watu wengi, soko lililofungwa, na mwenye lango ndiye pia mshindani. Leseni ile haikuwa na ruhusa ya kutuma pesa kwa simu, kazi ambayo Safaricom inaijua kuliko wote. Mwezi uleule wa Mei 2021, Ethio Telecom ilianzisha Telebirr, huduma yake ya pesa. Safaricom ilipopata ruhusa hiyo ililipa dola milioni 150 nyingine, na M-Pesa ikaanza huko Agosti 2023. Miaka miwili! Katikati kulikuwa na vita vya kaskazini. Kisha Julai 2024 serikali ikaiachia birr ielee, na katika miezi michache ikapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake, kwa hiyo hata mteja aliyelipa vizuri alikuwa analeta kidogo ukibadilisha kuwa dola.

Hisa ya Safaricom iliyopita shilingi 40 za Kenya mwaka 2021 ilikuwa chini ya 15 mwaka 2023. Sisemi ni Ethiopia peke yake iliyoishusha, maana wawekezaji wa nje walikuwa wanaondoka Nairobi kwa sababu nyingine pia, na baadaye bei ilipanda tena. Ninachosema ni kwamba Safaricom ilivumilia kwa sababu ina Kenya nyuma yake, inayoleta faida kila mwaka. Kampuni ndogo haina Kenya.

Anayetaka kulielewa hili bila kusafiri, apande gari hadi Isingiro. Makazi ya Nakivale yana wakimbizi zaidi ya laki moja. Kwa hesabu ya ukumbini, ni soko zuri sana la simu. Lakini kwa miaka mingi aliyekuwa na barua ya usajili tu, bila kitambulisho cha mkimbizi, hakuweza kusajili laini kwa jina lake. Ilikuwa mpaka mwaka 2019 ndipo Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliporuhusu barua ile itumike. Kabla ya hapo mtu alitumia laini ya jina la mwenyeji, na wakikosana, namba pamoja na pesa iliyomo vilikuwa mashakani. Watu walikuwapo na simu walikuwa nazo. Kilichokosekana ni karatasi, na karatasi hiyo haikuwa mikononi mwa muuzaji wala mnunuzi.

China nayo ni hivyohivyo. Sheria zake humwekea mgeni mipaka katika kumiliki kampuni za intaneti, kwa hiyo mara nyingi leseni hukaa kwa kampuni ya wenyeji, na mgeni hushika mikataba. Mwenye hisa anadhani amenunua kampuni ya China, kumbe ana laini iliyosajiliwa kwa jina la jirani.

Walimu wangu wataniuliza kwa nini naukasirikia mjadala wa darasani. Ni kwa sababu hesabu ile haibaki darasani. Sisi tunaosoma ndio tunaoitwa nyumbani kueleza karatasi ambazo wazee hawazielewi. Katika vikundi vya akiba, mama zetu huweka noti zao kila wiki katika sanduku la kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Siku za kugawana zikikaribia, hakosi mtu wa kuja na karatasi ya rangi inayosema "soko kubwa". Mama ambaye hakumaliza darasa la nne, kabla ya kuuliza sanduku lina kiasi gani, huuliza funguo ziko kwa nani. Sisi wa chuo tuliuliza watu ni wangapi.

Katika dakika yangu ya mwisho nilimwuliza mtoa hoja, ambaye ni rafiki yangu na bado tunakula pamoja, swali la mama huyo: leseni ya hiyo kampuni yako imeandikwa kwa jina la nani? Akajibu kwamba hayo ni mambo ya wanasheria. Mwenyekiti akagonga meza, tukapiga kura.