Bia nyeusi sio dawa, ni ladha

Najua wengi mko bize na test na foleni ya fotokopi, lakini leo naomba tuweke madesa pembeni dakika tano tuongelee bia nyeusi. Msiokunywa msikimbie, huko chini kuna jambo linawahusu pia.

Hoja yangu ni moja. Ile bia nyeusi ya Kiairishi, stauti kavu ambayo dunia nzima inaijua kwa jina la Guinness, ni kinywaji cha ladha. Sio dawa ya damu, sio nguvu za kiume, wala sio mtihani wa uanaume. Na sisi watoto wa Bukoba, nasema bila aibu, tuna ulimi wa kuielewa kuliko watu wengi. Ila tunaiharibu wenyewe kwa soda na kwa hadithi za kijiweni.

Tuanze na ladha yenyewe. Bia nyingi zinatokana na shayiri iliyochipuzwa, maji, hopsi na chachu. Stauti ya Ireland inaongezewa shayiri ambayo haijachipuzwa, imekaangwa mpaka ikawa nyeusi. Guinness wanasema wanaikaanga kwenye nyuzi joto 232. Weusi unatoka hapo, na ile harufu ya kahawa inatoka hapo hapo. Kahawa haimo kabisa! Halafu shika glasi mbele ya taa uangalie vizuri, utaona kumbe sio nyeusi, ni nyekundu iliyokolea sana.

Sasa kwa nini inaitwa "kavu" wakati ni kimiminika? Maana yake chachu imekula karibu sukari yote, kwa hiyo utamu uliobaki ni kidogo. Ukimeza, mdomo unabaki mkavu kama umekunywa chai ya rangi isiyo na sukari. Mara ya kwanza wengi wanakunja uso. Wanatafuta utamu, hawauoni, wanaagiza soda ya kola wanamimina humo humo. Jamani! Mtu kakaanga shayiri ili upate uchungu, wewe unaufukuza kwa sukari. Si bora ungekunywa soda yako tu ukabakiwa na hela?

Njooni sasa kwetu Buhembe. Mtoto wa kule anakua kwenye kibanja, migomba na mibuni vimezunguka nyumba. Mgeni akifika, anaweza kukaribishwa akamwani kabla hata ya chai. Kwa wasiojua, hiyo ni kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa. Unaitafuna taratibu, uchungu unakuja, halafu unazoea, halafu unaupenda. Mji huo huo ndio wenye kiwanda cha Tanica cha kahawa ya unga. Kwa hiyo uchungu kwetu sio adhabu, ni ukarimu.

Halafu kuna rubisi. Ndizi za pombe, embire, zinaivishwa, zinakamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti mpaka juisi itoke, kisha unaongezwa mtama uliokaangwa na kusagwa, inafunikwa, inachacha. Mmeona hapo? Nafaka iliyokaangwa! Mzee wa Kihaya na fundi wa Dublin hawajawahi kukaa kikao kimoja, lakini wote wawili waligundua kwamba nafaka ikipita motoni inakipa kinywaji mwili na harufu ambayo nafaka mbichi haina. Tofauti zipo, sibishi. Rubisi ina uchachu na utamu wa ndizi kwa mbali, ni nzito, na ikilala siku mbili tatu inageuka. Stauti inakaa kwenye chupa miezi. Ila aliyezoea rubisi hawezi kusema stauti ni kitu cha ajabu. Labda anaikosea heshima tu.

Heshima ndiyo penyewe. Rubisi haikunywewa kihuni. Ni kinywaji cha mahari, cha harusi, cha wazee kukaa na kuongea, kibuyu na mrija, taratibu. Stauti nayo inataka hivyo. Isiwe baridi ya kuganda, maana baridi kali inaua ladha, ulimi unakufa ganzi husikii kitu. Itoe kwenye friji, iache kidogo, mimina kwenye glasi badala ya kukata shingoni mwa chupa, subiri povu litulie. Na kama ni msimu wa senene, waitu, hapo ndipo mambo yenyewe. Senene waliokaangwa wakakauka, chumvi kwa mbali, mafuta yake yenyewe, halafu unashushia uchungu ule. Chumvi inaupunguza uchungu, uchungu unakata mafuta. Wa kwenu hamna senene? Dagaa wa kukaanga au nyama choma vinafaa.

Angalizo kidogo. Ile Guinness ya laini wanayomimina kwenye baa za Dublin ina kilevi cha kama asilimia 4.2 tu, na toka mwaka 1959 walianza kuitia gesi ya naitrojeni, ndio maana povu lake ni laini kama krimu. Chupa nyeusi tunayoiona kwenye baa zetu ni ndugu yake mwingine, ile Foreign Extra, iliyotengenezwa iwe kali ili ihimili safari ndefu za meli. Hiyo ina kilevi kuliko bia nyingi za kawaida za hapa. Soma lebo. Ukinywa tatu ukidhani ni bia za kawaida, utahesabu ngazi za hosteli kwa magoti, teh teh.

Sasa lile linalotuhusu wote, wanywaji na wasiokunywa.

Likizo iliyopita nikiwa nyumbani, shemeji yangu mmoja alikuwa mjamzito, damu imeshuka. Mama mmoja jirani, kwa nia njema kabisa, akamshauri anywe bia nyeusi iliyopigwa na yai bichi kila jioni "iongeze damu". Na wala sio yeye peke yake, ushauri huu nimeusikia Bukoba, nimeusikia Dar, na wenzangu wa Kenya na Uganda wanaujua vizuri. Unatoka wapi? Kwanza ni ile rangi, kitu cheusi kizito lazima kina damu. Pili ni matangazo. Mwaka 1929 Guinness walianza kutangaza Uingereza kwamba bia yao inaleta afya, na huko pia kuna wagonjwa waliokuwa wakipewa hospitalini. Huku Afrika, kuanzia mwaka 1999 tukaletewa shujaa wa matangazo Michael Power, hadi sinema yake Critical Assignment ikatoka 2003. Jina lenyewe tu lilikuwa la nguvu.

Ukweli ni kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye glasi nzima hayafiki hata miligramu moja, wakati mjamzito anahitaji kama miligramu 27 kwa siku. Na kilevi kinapita kwenye kondo la nyuma kinamfikia mtoto. Shirika la Afya Duniani halitambui kiasi chochote cha pombe kuwa salama kwa mimba. Vidonge vya damu vinatolewa kliniki. Maini, dagaa, maharage na mboga za majani vipo sokoni. Nilimwambia shemeji hivyo, jirani akanijibu: "Mwanangu, mimi nilikunywa na wanangu wote wazima." Shikamoo mama, nashukuru Mungu wako wazima. Ila hiyo ni sampuli ya nyumba moja.

Na hapa watu wa takwimu mtacheka. Ile t-test inayotutoa jasho ilitungwa na William Gosset, mfanyakazi wa Guinness pale Dublin, akaichapisha mwaka 1908 kwa jina la bandia "Student". Alikuwa anahangaika na swali hili hili: ukiwa na sampuli chache za shayiri, utaamini matokeo kiasi gani? Yaani kiwanda kilichotufundisha kutoamini sampuli ndogo ndicho kilichokuja kuwaambia watu bia ni afya!

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huo. Kama umefikisha miaka 18 na unakunywa, kunywa stauti moja, taratibu, kwa sababu ni tamu kwa uchungu wake. Ukiona damu imepungua, nenda kliniki. Na bumu likiingia, msiimalize yote kwenye chupa nyeusi mkasema mimi ndiye niliyewashauri.

Naomba kuwasilisha.