Kibumba isiwe njia ya kupita tu

Utalii ulipofunguliwa Virunga, mgeni alitoka Goma asubuhi, macho yakitafuta mlima Mikeno na gorila. Kibumba aliiona kwa dirisha la gari.

Ni hasara. Kibumba, zaidi ya kilomita 20 kaskazini mwa Goma, ina historia kubwa. Mwaka 1994 ilipokea wakimbizi wengi sana kutoka Rwanda. Miti ya hifadhi ilikatwa kwa kuni, na mwaka huo huo UNESCO ikaiweka Virunga kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Udongo wake wa volkano umelisha Goma kwa viazi, kabichi na karoti. Desemba 2022, M23 ilitangaza kuikabidhi Kibumba kwa jeshi la Afrika Mashariki, amani haikudumu.

Wapo watakaouliza: utalii gani, baada ya wakaaji wengi kukimbia? Wana haki. Usalama kwanza, na raia warudi kabla ya watalii.

Lakini siku hiyo ikifika, Kibumba iwe kituo cha kwanza cha safari. Wazee wasimulie, vijana waongoze wageni, wamama wauze mazao, na pesa zibaki kijijini. Asiyefaidika na mlima, nani atamwomba aulinde?