Kabla ya Hadithi Kuanza, Tuwekeane Sharti



Wasomaji wetu watukufu, kila likizo ya shule inapokaribia, akina mama hutuletea swali linalofanana. Vijana wanaizunguka meza tangu alasiri, mmoja anasimulia na wenziwe wanajibu kana kwamba wao ndio mashujaa wa kisa. Kisha magharibi ikiingia wanaachana kwa ghadhabu. Je, mchezo huu una nini? Jibu letu ni kwamba ugomvi huo, mara nyingi, hauzaliwi na mchezo wenyewe. Huzaliwa na masharti ambayo kila mmoja aliyaweka moyoni mwake na hakuna aliyeyatamka.

Kwanza tuujue mchezo. Ulipata umaarufu kutoka Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Mmoja huwa msimamizi: hueleza mji, njia, adui na hali ya hewa, na huwasemea watu wote wa kisa wasio na mchezaji. Sisi tutamwita mtambaji, kwa kuwa kazi yake ni jirani ya kazi ya mtamba hadithi. Wengine, kila mmoja huchukua mhusika wake, akaamua atende nini na aseme nini. Penye shaka kama tendo litafaulu, hurushwa dadu. Hakuna mshindi kama katika bao, na kisa kimoja huweza kuendelea kwa miezi.

Kwa nini basi watu wagombane mahali pasipo na mshindi? Kwa sababu mmoja alikuja kucheka, wa pili alikuja kupigana vita, wa tatu anapenda mafumbo, na mtambaji amekesha siku tatu akiandaa kisa cha huzuni. Wote wana haki, lakini hakuna aliyemwambia mwenzake. Anayecheka huonekana mfidhuli, mtambaji huonekana dhalimu, na urafiki wa miaka huingia doa.

Ili tulione jambo hili vizuri, twendeni Rusinga, kisiwa cha Ziwa Viktoria katika kaunti ya Homa Bay, kinachopakana na Mbita. Tumekichagua kwa sababu mbili: desturi ya hadithi ya watu wa huko, na ziwa lenyewe.

Wenyeji wengi wa Rusinga asili yao ni Wasuba, ingawa leo Kidholuo ndicho kinachotawala vinywani mwao. Katika mila ya Waluo ilikuwapo nyumba iitwayo siwindhe, nyumba ya bibi mzee aliyeitwa pim. Wasichana na watoto wadogo walilala humo, na usiku bibi huyo aliwafunza kwa ngano, mafumbo na mazungumzo. Hakuna mtoto aliyehitaji kuuliza ni nani mwenye kusimulia, hadithi huanza saa ngapi, wala ni maneno gani yanafaa mbele ya wadogo. Mila ilikwisha kuyajibu yote.

Sisi wa pwani nasi tulikuwa na yetu. Mwenye hadithi husema "Paukwa," na wasikilizaji hujibu "Pakawa." Mwenye fumbo husema "Kitendawili," naye hategi mpaka aambiwe "Tega." Tulitafakari neno hilo moja. "Tega" ni idhini. Asiposikia "Tega," hana fumbo la kutega. Na wakishindwa kulifumbua, huomba mji, wakampa mji, kisha akatoa jibu. Mtoto aliyetoa Mombasa au Lamu halii, kwa kuwa aliijua adhabu kabla ya kuingia.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Masharti ya siwindhe na ya kitendawili yalirithiwa, kwa hivyo hayakuhitaji kutamkwa. Mchezo huu mpya haukuja na urithi wowote katika nyumba zetu. Yale ambayo mila iliyafanya kimya kimya, sasa ni lazima yafanywe kwa ulimi.

Sasa tuje kwenye ziwa. Tuchukulie kwamba vijana sita wamekutana Rusinga wakati wa likizo, baadhi yao wageni kutoka mjini. Mtambaji amebuni kisa kizuri: mashua inatoka usiku kuvua omena, taa zinaelea juu ya maji kuwavuta samaki, kisha upepo unageuka na mawimbi yanapanda. Kwa mgeni, hiyo ni raha tupu. Lakini miongoni mwa wachezaji yumo binti ambaye mjomba wake alitoka usiku kama huo na hakurudi. Atafanya nini? Akinyamaza, ataumia mbele ya watu wanaocheka. Akiondoka, ataambiwa ameharibu mchezo. Mtambaji hana nia mbaya hata kidogo. Alichokosa ni swali moja ambalo angeliuliza siku ya kwanza.

Wachezaji wa nchi nyingine wamekwisha kulifikiria hili. Ron Edwards aligawa mambo mazito mafungu mawili. Lipo lisiloingia kabisa katika kisa, na hilo ni mpaka. Lipo linaloweza kutajwa lakini hupitishwa nyuma ya pazia bila kusimuliwa kwa urefu. John Stavropoulos naye alipendekeza kuweka mezani kadi yenye alama ya X. Mchezaji yeyote akiigusa, jambo lililokuwa likisimuliwa huachwa pale pale, na hatakiwi kueleza sababu. Kipengele hiki cha mwisho kina hekima kubwa. Binti wa mfano wetu haombwi kufunua msiba wake mbele ya wageni ili aaminiwe. Hugusa kadi, mashua ikafika salama ufukweni, na kisa kikaendelea upande mwingine.

Kwa familia zetu, yapo ya kuongezwa. Visa vingi vya aina hii vina miungu ya kubuni na uchawi. Mchezaji asiyetaka mhusika wake aabudu au aroge aseme mapema, na mtambaji akubali bila kejeli. Kuhusu dadu, wanavyuoni wameikemea nardi kwa ukali, na wengi wao huihofia dadu hata pasipo na fedha. Msimamo wetu ni kwamba familia ichague mchezo wa hadithi usiotumia dadu, nayo ipo. Hili pia lijulikane kabla ya watu kukaa, wala si pale mtoto wa jirani anapokataa kurusha na kuaibishwa.

Basi tunashauri kikao cha kwanza kisiwe cha kucheza. Kiwe cha kuulizana. Kisa kitakuwa cha kuchekesha, cha vita au cha mafumbo? Tutakutana mara ngapi, na tutamaliza saa ngapi ili sala isipite na wasichana wafike nyumbani kabla ya giza? Asiyefika, mhusika wake atafanywaje? Mhusika aweza kufa? Ni mambo gani yasiingie? Kila mmoja ajibu, hata mdogo wao, na mwenye haya aruhusiwe kumnong'oneza mtambaji pembeni au kuandika katika karatasi.

Wala sharti haliko upande mmoja. Mtambaji ana haki ya kusikilizwa, ya wachezaji kufika kwa wakati, na ya kusema kwamba amechoka na mwingine apokee. Wachezaji wana haki ya kuamua matendo ya wahusika wao bila kuburutwa kama vikaragosi kuelekea mwisho alioupanga yeye. Na kwa kuwa watu hubadilika, kila baada ya vikao vichache waulizane tena: Je, bado tumeridhika?

Dini yetu imetufunza kwamba Waislamu hufungwa na masharti waliyowekeana, ila sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Tumezoea kulitumia fundisho hili dukani na katika ndoa. Kijana anayejifunza mezani kusema "hili nalikubali, hili silitaki," na kumsikia mwenzake akisema vivyo hivyo bila kukasirika, anajizoeza kwa mikataba mikubwa inayomngoja.

Akina mama, msiufukuze mchezo kabla ya kuuliza, wala msiuache bila kuuliza. Siku ya kwanza kaeni nao robo saa, muwasikie wakiwekeana masharti. Mkiona mtambaji anaanza kusimulia na hakuna aliyemwambia "Tega," mzuieni kwa upole mpaka aambiwe.

Wabillahi tawfiq.